Buibui la Idi na Nafasi ya Njeri

Jumapili, Julai. Buruburu.

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Jua sijaliona tangu juzi. Nimekaa kando ya dirisha na shali mbili, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Moyo wangu umechoka. Daktari aliniambia kwa upole, nami nilimwelewa. Kwa hiyo shajara, leo nivumilie.

Kesho nimealikwa kuzungumza na wasichana wa shule anayofundisha mjukuu wangu Salma, kule Umoja. Mada wameshaichagua: nafasi ni sawa kwa wote. Mimi ndiye mfano. Mtoto wa Pumwani, wa nyumba ya udongo, aliyekuwa mwalimu wakati ambapo wasichana wa Kiafrika wenye kazi hiyo walikuwa wachache.

"Bibi, wewe wape moyo tu," Salma ameniambia kwa simu mchana. "Waambie ukisoma, unafika."

"Na aliyesoma asifike?"

"Ai, Bibi! Usinianzie. Hao ni watoto, watasinzia."

Tumecheka. Simu ilipokatika kicheko nacho kikaisha.

Sijui nitasema nini.

Nililelewa na bibi yangu, Mwanahawa. Alikuwa mwenye nyumba, kama wanawake wengi wa Kiislamu wa Pumwani miaka ya hamsini: vyumba vya kupangisha vinavyotazamana, ua katikati, paa la madebe yaliyopasuliwa. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Mama Njeri, muuza mboga, na binti yake. Njeri alikuwa rika langu na tulisoma darasa moja. Alinishinda katika kila somo, na hakuchoka kunikumbusha.

"Wewe una karabai, mimi nina akili," alikuwa akisema. Kisha anasogeza kigoda, anasomea taa yetu ileile.

Njiani kwenda shule tulipita shule ya watoto wa Kihindi, yenye uwanja wa nyasi. Ya Wazungu ilikuwa upande mwingine wa mji. Hata ua wake hatukuwahi kuuona. Hatukuuliza kwa nini. Tulidhani ndivyo dunia ilivyopangwa.

Tulipomaliza, tuliambiwa chuo cha ualimu kina nafasi moja kwa msichana wa shule yetu. Wavulana walikuwa na zao kadhaa. Kaka yangu Rashidi, ambaye hesabu zake nilimfanyia mimi, alipata bila kutoka jasho. Ile moja ya wasichana alipewa Njeri, na ilikuwa haki yake. Mimi nilikuwa wa pili. Nilijifungia chumbani nikalia.

Kisha ikaja ile asubuhi. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na askari waliuzingira mtaa wakitafuta Wakikuyu wa kuwaondoa mjini. Tulisikia milango ikigongwa nyumba za jirani.

"Lete buibui lako la Idi," Bibi aliniambia. "Upesi."

Akaingia nalo chumbani kwa Mama Njeri, akamfunika Njeri gubigubi. "Akiulizwa, aseme ni mjukuu wangu. Mswahili."

Mama Njeri alikuwa akifunga nguo ndani ya shuka. Aliacha, akamvua binti yake lile buibui, akalikunja vizuri na kumrudishia Bibi. Akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, "Akibaki hapa atakuwa mtoto wa nani?"

Bibi yangu akamjibu kwa Kikuyu.

Sikuwahi kumsikia akikisema. Aliwasemesha wapangaji wote kwa Kiswahili, na sisi vilevile. Mimi nilikuwa nimeokota maneno kwa Njeri tukicheza, kwa hiyo nilielewa. "Atakuwa mzima," alisema. "Hata mimi niliacha jina langu kwa baba, nikaja mjini nikasilimu. Sikufa."

"Wewe hukufa," Mama Njeri akasema. "Na mama yako je?"

Bibi akanirudishia buibui.

Nje walitupanga. "Kabila?" askari akaniuliza. Nikasema Mswahili, kama nilivyosema siku zote. Sijui kama nilidanganya. Nilikuwa nimejua kwa muda mfupi tu, usiotosha hata maji kuchemka, kwamba damu yangu na ya Njeri ni moja, ya Kikuyu. Yeye alijibu "Mkikuyu" kwa sauti ileile aliyojibia maswali darasani, akapandishwa lori pamoja na mama yake.

Lori lilipoanza kuondoka alinipigia kelele, "Haya, soma sasa! Karabai yote ni yako!" Alikuwa akicheka. Au akilia. Kulikuwa na vumbi.

Sikumwona tena.

Nafasi yake nilipewa mimi. Nilikwenda chuoni nimevaa buibui lilelile.

Nilisoma kwa bidii, hilo ni kweli, na hakuna atakayeninyang'anya. Lakini nikijaribu kupima ni kipi kilichonifikisha, nachanganyikiwa. Taa? Nyumba ya Bibi? Jina ambalo alilibadilisha kabla sijazaliwa? Wangetoa nafasi mbili kwa wasichana, kama walivyowatolea wavulana, nisingekuwa na la kuandika leo. Na Bibi, je, alipata nafasi au aliinunua? Kuna siku namlaumu Mama Njeri kwa kumvua mwanawe lile buibui. Siku nyingine namwonea wivu.

Watoto wangu sikuwahi kuwaambia Bibi alizaliwa nani. Salma hajui. Ninaandika hapa kwanza kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni.

Sasa hivi Salma ameleta ujumbe. Anaandaa maneno ya kunikaribisha: "Nimeandika ulikuwa wa kwanza darasani. Sawa, Bibi?"



Nimemjibu: "Futa hapo. Andika nilikuwa wa pili."

Amerudisha haraka: "Kwani wa kwanza alikuwa nani?"

Hilo sijamjibu. Mungu akiniamsha, nitalijibu kesho nikiwa nimesimama, mbele ya wasichana wote.