Sufuri Tatu za Mama

Jumatatu, 4 Machi

Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua dhaifu. Mama amevaa kiatu cha kulia mwenyewe — dakika tisa. Wiki iliyopita kumi na mbili.

Maabara, kazini kwangu. Mhandisi kaleta maumbo matatu ya mpigo wa umeme. Kazi yao moja: kuamsha neva ya chini ya goti, ile inayonyanyua unyayo, ili mguu uliopigwa na kiharusi usiburute. Kayapa majina kwa jinsi yanavyoonekana kwenye skrini. Mraba — unapanda wima, unakaa, unashuka. Kengele — umevimba katikati, unakula betri kidogo kuliko yote. Mteremko — unaanza chini chini, polepole, ndipo unasukuma. Huo mwanzo wa polepole, anasema, unazituliza neva za ngozi zilizo karibu na kibandiko kinachopitisha umeme, ili msukumo uzipite bila kuzishtua, uifikie ya ndani. Ila betri inakwisha upesi.

"Dada, litakaloshinda ndilo mama atakalovaa. Miaka, siyo siku."

Nimekumbuka nilivyokuwa nikichomwa na mwiba utotoni. Mama hakuwahi kuchomeka sindano moja kwa moja. Alikuwa anabonyezabonyeza pembeni kwa kidole gumba, taratibu, mpaka nasahau kwa nini tumekaa pale. Kumbe mwiba umeshatoka. Siku zote nilidhani anautafuta.

Jumanne, 5 Machi

Joto mapema. Zamu ya mama.

Haambiwi ni umbo gani. Mhandisi anabonyeza, unyayo unanyanyuka, anauliza: kutoka sufuri hadi kumi, maumivu ngapi?

"Sufuri."

La pili, sufuri. La tatu, sufuri.

"Mama, hii ngozi au turubai?"

"Turubai nimelishona miaka ishirini, baba. Limenizoea."

Mhandisi kacheka mpaka kavua miwani. Mimi nilikuwa naangalia unyayo. Kisigino chini, vidole juu. Ndivyo nilivyouona utotoni, nimelala kwenye vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kanyagio likienda na kurudi karibu na pua yangu. Nilikuwa nalala kwa mlio ule. Likisimama, naamka.

Nimeandika yote, na pembeni mwa fomu kila alichosema. Ni mazoea tu.

Jumatano, 6 Machi

Mawingu. Maumivu sawa kwa yote matatu, kwa hiyo betri ndiyo inaamua. Kengele.

Mama karudi nyumbani na kifaa kimefungwa chini ya goti. Kikihisi kisigino kimenyanyuka, kinapiga. Katembea kutoka mlangoni hadi jikoni bila kugusa ukuta. Ripoti inafungwa Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi baridi, ukungu hadi saa tatu. Nilikaa kunakili fomu kwa ajili ya ripoti. Nikafika pembeni.

Mraba — aliuliza saa ngapi. Saa yake ilikuwa mkononi.
Kengele — aliomba maji. Hakunywa.
Mteremko — hakuomba kitu. Alimsimulia mhandisi habari za vifungo.

Kalamu niliiweka chini. Nilikuwa na miaka minane sindano ya cherehani ilipopita kwenye kidole chake. Mteja amekaa pale pale, anasubiri gauni. Mama hakulia. Alisema tu, "Nipe mkasi." Mkasi ulikuwa mapajani mwake. Mteja aliondoka na gauni lake, hakujua lolote hadi leo.

Nikajifunga vibandiko mwenyewe, nguvu ile ile. Mraba, sita. Kengele, tano — kama cheche ya mafuta ya moto, kila mpigo. Mteremko, moja.

Utaratibu naujua, nimeuchapa mimi. Mshiriki ambaye majibu yake hayaaminiki anaondolewa, kifaa kinarudi kabatini. Nikisema mama kaficha, mguu unarudi kuburuta. Nikinyamaza, cheche ile anaivaa miaka.

Nilirudi nyumbani saa kumi na moja. Nikiwa bado nje ya mlango, nikausikia. Cherehani! Miaka miwili haijalia. Nilisimama na ufunguo mkononi kama mtoto aliyechelewa kutoka shule.

Alikuwa amekaa wima. Hakuna uzi, hakuna kitambaa. Unyayo tu, chini, juu, chini, juu, na kila ukipanda kifaa kinapiga.

"Mama, kinauma?"

"Nani kasema?"

"Nakuuliza mimi."

"Mwanangu, bosi wako amesimama pale, na wewe na karatasi zako. Nikutie aibu?"

"Namba ile ndiyo kazi yenyewe, mama."

"Namba ni yako. Mguu wangu." Akaendelea kukanyaga. "Si unausikia? Mwenyewe ulikuwa hulali bila huu."

Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Sikumbuki muda. Mlio ni ule ule. Kisha, bila kugeuka, bila kupunguza mwendo:

"Hebu nipe mkasi."

Nimeutoa mapajani mwake, nikamwekea mkononi.

Sasa analala. Chini ya kibandiko ngozi ni nyekundu, upana wa sarafu. Fomu iko mbele yangu. Chini ya sufuri tatu nimeanza kuandika: "Wakati wa jaribio la pili, mshiriki aliomba" — nimeishia hapo.

Saa sita kasoro dakika kumi. Nalala.