Nilichosema Mbele ya Pipa Lako

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Nakuandikia mchana, Beno amelala. Ameota meno ya chini na sasa ananiuma akinyonya, kwa hiyo usingizi wake ndiyo mapumziko yangu. Nguo zake ziko kwenye beseni, zitangoja. Nimekaa mlangoni hapa Lisekese, Masasi, na kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu, siyo kutoka kwa Mama Mdogo Sesilia. Huyo akinitangulia kufika huko uliko, ataanza na hilo kabla hata hajakuuliza hali.

Pipa lako tulilifungua siku ya arobaini yako. Mimi ndiye niliyeonja. Na nilisema ukweli, mbele ya watu wote. Wapo wanaosema nilikuaibisha kaburini. Nataka nikueleze ilivyokuwa, halafu wewe... basi. Nikueleze tu.

Kwanza habari za huku. Tangu biashara ifunguliwe mambo yanakimbia, Mama. Wanunuzi wa korosho wanaingia na malori yao mpaka vijijini, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Barabarani hapa Masasi ukiruka duka la mitumba unaangukia baa, na bia zinatoka nchi ambazo hata kwenye ramani ya darasa la saba sikuziona. Huko kwetu Newala wanawake wanatia sukari na hamira kwenye pombe yetu ya uraka ili ichachuke upesi, maana vijana wanaopakia malori hawana subira ya kungoja maji ya mabibo yaive yenyewe. Ungekuwepo, ulimi wako usingepumzika.

Nimekumbuka ulipokuja kunitazama uzazi. Baba Beno alitaka kukufurahisha mkwewe, akanunua chupa za kila aina aliyoikuta mjini, lakini kwa heshima hakuweza kukaa nawe. Akaziweka kizingitini, akaaga kuwa anakwenda kazini, kisha akazunguka nyuma ya nyumba akajibanza ukutani kusikiliza. Wewe ulijua yuko pale. Ukazipanga chupa kwenye benchi, ukaomba vikombe vya chai, ukaanza kazi.

Ya kwanza, ile ya njano, ulisema imepita jikoni haikusimama. Ya kopo ukasema inanukia kufuli. Ile iliyotoka nchi za kusini, aliyoisifia sana muuzaji, uliinusa, ukaionja, ukaizungusha mdomoni, ukasema, "Hii imevaa vizuri. Sasa nani yuko ndani?" Nikamsikia mkweo anakohoa nyuma ya ukuta kuzuia kicheko. Halafu ukaja kwenye ile nyeusi, nzito, chupa fupi. Ukaonja. Ukaonja mara ya pili, na wewe hukuwa mtu wa kuonja mara mbili. Ukasema, "Huyu kaunguza makusudi. Anajua anachofanya." Ukanimiminia tone kwenye kiganja niguse kwa ulimi, kwa sababu nilikuwa nanyonyesha, ukaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia ukoko wa ugali na kitu kama kahawa. Ukafurahi ukanipiga begani.

Hakuna aliyekupa ile kazi. Nakumbuka tangu nikiwa mdogo, harusi au jando, uraka haukutolewa mtungini mpaka Mama Rozi aonje. Wapishi walikuwa wanakungoja kama wanafunzi. Unainama, pua kwanza. Kisha ncha ya ulimi, kisha pembeni, kisha unatema mchangani na kutulia. Hukusema "mzuri" au "mbaya" kama watu wengine. Ulisema huu umepikwa na mtu aliyekuwa na safari. Huu unagombana na mwenyewe. Huu mpe mkwe, utamnyamazisha. Ukikataa umekataa, hata kama mpishi ni ndugu yako wa tumbo moja. Mama Mdogo mwenyewe ulimrudishia mtungi wake siku ya kipaimara changu, akakaa mwezi mzima haji kwetu. Nilikuuliza kwa nini usingemwachia tu, mdogo wako. Ulisema, "Mimi nikionja simjui mtu."

Na Mama Kandida. Unakumbuka harusi ya mwanawe wa kwanza, uraka wake mwenyewe, uwanjani kwake mwenyewe, wageni wamefika kutoka Lukuledi. Ukaonja, ukatema, ukamwambia kwa upole kabisa, "Mama Kandida, huu umeuamsha kabla haujalala." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Harusi ilicheleweshwa mpaka mtungi mwingine ulipotoka kwa jirani, na tangu siku ile alikuwa akikusalimia akiwa tayari ameshakupita.

Mwenyewe sasa ulikuwa na pipa. Lile la mbao lenye mikanda ya chuma alilopewa baba alipokuwa seremala kwa mapadri, liliwahi kubeba divai. Wenzako uraka wao ulikufa ndani ya siku chache, wako ulilala humo kuanzia mabibo ya mwisho mpaka watu wanasahau kuwa kulikuwa na msimu. Ulijaza mpaka juu, ukaziba kwa nta, ukapita kila mara kusikiliza kwa sikio kama daktari. Ulipofunguliwa ulikuwa mkali wa kweli, na uchachu wake haukurukia mtu usoni, ulianzia pembeni mwa ulimi ukaja taratibu, nyuma yake ukasikia mbao, harufu kama ya mlango wa kanisa ukilowa mvua. Kikombe kimoja kilitosha mtu mzima. Mzee Chilumba alikuwa anasema uraka wa pipa lako haulevyi, unamkalisha mtu chini na kumuuliza maswali.

Kwa hiyo uelewe watu walivyokuja arobaini yako. Walikuja kukuombea, ndiyo, misa ilijaa. Lakini baada ya misa macho yote yalikuwa kwenye lile banda la nyuma. Ilikuwa inajulikana kuwa ulijaza pipa kabla hujaugua. Watu walikuwa wanasema tutakunywa mkono wake wa mwisho. Hata mimi nilikuwa nimeshikilia hilo, Mama. Siku zile zote za kupokea pole na kupika kwenye masufuria makubwa huku Beno yuko mgongoni, nilikuwa najiambia, bado kuna kitu chake kimoja sijakionja.

Mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza. Mwenye nyumba hayupo. Mjomba akasema Rozi aonje, yeye ndiye mtoto. Mama Mdogo akamchukua Beno, akang'oa nta, akachota kata, akanipa.

Pua tu ilitosha. Nikasema labda ni pua, nina mafua ya kulia. Nikaonja. Ncha ya ulimi, pembeni. Hakukuwa na mbao, hakukuwa na ule ukali unaokuja taratibu. Ilikuwa siki. Siki kavu kabisa.

Najua kilichotokea, na wewe unajua kuliko mimi. Pipa linataka mtu. Linapopungua linajazwa, nta ikipasuka inazibwa. Wewe ulikuwa umelala hospitalini Ndanda, na mimi nilikuwa kando ya kitanda chako. Hewa iliingia. Hakuna zaidi, ingawa kuna waliotaka kuanza maneno ya uchawi, nikawakata palepale.

Mama Mdogo aliuona uso wangu. Akasogea, akaninong'oneza, "Sema ni mzuri. Mtu amekufa."

Nikasimama na ile kata. Wangekunywa, Mama. Ningesema mzuri wangekunywa wote, wangekunja sura na kusifu, na wangerudi nyumbani wakisema Mama Rozi alikuwa anajua. Na kila mmoja angekuwa anajua kuwa ni uongo. Mama Kandida alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu, miguu ameinyoosha. Alikuwa ananitazama mdomo. Nikawaza, nikidanganya juu ya pipa hili, basi mitungi yote uliyoirudisha ulikuwa unawaonea watu. Ya Mama Mdogo, ya huyu, ya wote. Basi hukuwa unaonja, ulikuwa unachagua.

Nikatema. Nikasema, "Umekuwa siki. Mama asingewapa huu."

Mama Mdogo akaanza kulia upya, kwa sauti, kana kwamba umekufa asubuhi ile, na Beno naye akalia kwa sababu aliyembeba analia. Mjomba akatazama paa. Mtu mmoja nyuma akasema watoto wa siku hizi. Mimi bado nilikuwa nimeishika ile kata.

Mama Kandida ndiye aliyeinuka. Akanishika kifundo cha mkono, akaichukua ile kata, akaonja. Hakutema. Alimeza, akafumba macho.

"Kweli," akasema. "Asingetupa." Kisha akasema polepole, kama anaongea na wewe siyo mimi, "Na mimi miaka yote hii nilidhani ni mimi tu unayenionea."

Akamtuma mwanawe nyumbani kwake alete uraka wake, wa ile mikorosho yake michache inayochelewa kuzaa. Ulipoletwa, watu walikuwa na kiu na aibu, wakataka kuchota. Akawazuia kwa mkono. Akachota yeye, akaniletea mimi. Yule yule, Mama. Nikainama, pua kwanza, kama ulivyonifundisha.

Nikamwambia, "Huu una hamira."

"Kijiko kimoja tu, mwanangu," akasema.

Nikamwambia kijiko kimoja kinasikika, lakini umelala vya kutosha, unanyweka. Watu wakacheka. Mzee Chilumba akasema afadhali, alikuwa ameanza kuogopa kuwa tutamaliza msiba kwa maji. Wakanywa. Walikuimbia mpaka jua linazama, na Mama Kandida ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Siki sikuimwaga. Niliigawa kwenye chupa, kila mwanamke akachukua ya kutia kwenye achari ya maembe, na wanasema inashika vizuri kuliko ya dukani. Kwa hiyo uko kwenye vyakula vya watu huko kijijini, kidogo kidogo. Mama Mdogo alikataa chupa yake. Mpaka leo nikimwamkia ananiitikia marahaba akiwa anatazama kuku. Nimemwacha. Sitamwomba radhi kwa lile neno, nitamwomba radhi kwa kumliza tu, na hilo nimeshafanya. Juzi dereva wa pikapu alipita hapa, akasema kuna mama kamwagiza achukue siki kwa Rozi, ila asiseme ni nani. Nikampa chupa kubwa kuliko zote.

Pipa liko kwangu. Mjomba aliamua hivyo, na Baba Beno alilishusha kutoka Newala juu ya magunia ya korosho, amelikumbatia njia nzima. Nimelisugua, nimelisuuza mara nyingi kwa maji ya moto, nimelianika. Siki huwa inajificha kwenye mbao, ulinieleza, kwa hiyo kila asubuhi naingiza kichwa nanusa. Beno akilia naingiza sauti yangu humo nikimwita, linavuma, anacheka. Majirani wanadhani nimechanganyikiwa. Kidogo, labda. Kuna siku nikiwa nimeinamia humo ndani... harufu ya banda lako bado ipo kwa chini, chini kabisa. Siku hizo natoka nimelowa uso.

Wameanza kuniita kuonja. Nimekataa wengi. Nina mtoto kifuani, usiku silali, na nimewaambia wazi kuwa nakuja mahali ninapoweza kurudi mapema, naonja na kutema, na nikisema hapana asitumwe mtu na soda kunibembeleza. Wengine wamenuna. Umenizoesha.

Beno anajigeuza, ataamka sasa hivi. Pumzika, Mama. Usinihangaikie, ninakula, na mkweo ananisaidia kuchota maji ingawa anajificha watu wasimwone.

Ninakuahidi hivi. Mabibo yakianza kuanguka nitakamua mwenyewe, bila sukari, bila hamira, nitajaza pipa mpaka juu na kulisikiliza kila siku. Nitalifungua mbele ya watu, Mama Mdogo akiwepo, na nitaonja. Ukiwa mbaya nitasema ni mbaya, na ni wangu. Ukiwa mzuri nitawaambia aliyenifundisha.

Mwanao,
Rozi