Asubuhi Aliyokuja Syombua

Mwende mjukuu wangu,

Pokea salamu zetu kutoka Kathiani. Goti la babu yako limepata nafuu, na maharagwe yameanza kutoa maua. Umeniuliza umlipe kiasi gani mama atakayekutayarishia watoto kabla ya shule.

Miaka ya tisini, shangazi yako Mutheu alipoanza darasa la kwanza, nilikuwa nikiuza machungwa Kyumbi na ilinibidi kutoka alfajiri. Jirani yetu Syombua alikuja kwangu kumpikia uji, kumvisha na kumfikisha shuleni. Nilimlipa shilingi mia mbili kwa mwezi. Niliona zinatosha, kwani ilikuwa kazi ya muda mfupi tu kila asubuhi.

Siku moja homa ikanizuia nyumbani. Syombua alipoingia nikamwuliza, "Na mtoto wako umemwacha na nani?"

"Na Mama Ndunge. Namlipa mia tatu."

Niliinuka ghafla kitini. "Syombua! Si mimi nakupa mia mbili?"

"Najua," akasema, akiendelea kukoroga uji. "Lakini ulisema huna mtu mwingine."

Miezi saba alikuwa akiuza mayai ya kuku wake kujazia hiyo mia moja, ili aweze kunilelea mtoto! Asubuhi hiyo hiyo tulipanga upya: akaja na wake, watoto wakanywa uji pamoja, nami nikampa mia tano.

Hata leo nikikumbuka nashtuka. Kabla ya kumwandika kazi, nilikuwa nimeuliza wanawake wanne sokoni wanalipa ngapi. Yeye mwenyewe sikumwuliza.

Nyanya yako,
Kalekye