Wafula, Ulikuwa Umevaa Sweta

Wafula,

Rafiki yangu, baridi imerudi. Wiki hii yote jua halijaonekana hapa mtaani West Indies. Asubuhi ni ukungu, mchana ni mvua, na wateja wanaingia dukani kununua majani chai huku wakininung'unikia utadhani baridi yenyewe naipika mimi nyuma ya kaunta. Wewe ungekuwa umeshapita hapa zamani, ukigonga meza na kupiga kelele, "Shiru, winta imefika! Toa kasia!" Eldoret nzima sijaona mtu mwingine aliyeifurahia Julai. Watu wenye akili zao hukimbilia jikoni. Wewe uliingoja mwaka mzima.

Nakuandikia kwa sababu jana nilimwambia Mama yako. Nilimwambia kuhusu sweta. Nimeona nikueleze mwenyewe, tena kwa utaratibu, maana tangu jana mawazo yangu yanaruka huku na kule na sijapata usingizi.

Unakumbuka wazo lilivyoanza? Ulisema Wazungu wana winta yao na theluji, sisi tuna yetu na mvua ya mawe, basi kila mtu acheze na aliyopewa. Kiprono akacheka, kisha akaingia kwenye karakana yake ya kutengeneza vifuniko vya pikapu, akatoka na kayaki ya kwanza ya faibaglasi. Ilikuwa imepinda upande mmoja. Uliibatiza Chapati, kwa sababu ilipenda kugeuzwa. Tukaipeleka lile bwawa la shamba la zamani, kupita kituo cha Plateau, ambalo Januari hubaki tope na magugu lakini Julai hujaa hadi kwenye miti. Ndiyo maana tulienda miezi ya baridi. Watu walifikiri ni wazimu, kumbe ni maji tu tuliyokuwa tunayafuata.

Tulikuwa watatu wa ajabu. Mluhya ambaye hakuweza kushika kasia kabla ya kumaliza chupa nzima ya chai. Mkalenjin wa pekee duniani asiyeweza kukimbia hata akifukuzwa na nyuki. Na mimi, mwenye duka, ambaye mlidai ningewauzia hata hewa kama ningepata chupa za kutosha. Tuliingia majini meno yakigongana na kutoka vidole vikiwa vimekufa ganzi, tukakaa kwenye nyasi tukila mahindi ya kuchoma na kutukanana. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, Wafula. Nilidhani ni kitu cha kawaida tu, kwamba kila mwaka kitakuwepo.

Na kila mara kabla hatujaondoka, Mama yako alikuwa mlangoni. Mwanamke anayefuma masweta ya shule, mashine yake inalia kutoka asubuhi hadi jioni, angeachaje kusema? "Wewe Wafula, umevaa sweta? Baridi ya huku haina mchezo na mtu." Ile yako hakuifuma kwa mashine. Aliifuma kwa mikono, kwa nyuzi zilizobaki, mstari wa kijani wa shule hii, wa maruni wa shule ile, wa bluu, wa manjano. Nene kama blanketi. Ulikuwa unajigamba kwamba umesoma shule zote za Eldoret bila kulipa karo. Uliibeba kwenye mfuko hadi bwawani, na siku ukiivaa ulikuwa unatwambia, "Leo nimemvaa Mama."

Siku ile ulikuwa umemvaa.

Hukuwa kwenye Chapati. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba ulikuwa kwenye kayaki nzuri, iliyonyooka. Jaketi lako la kuelea lilikuwa la mtumba, la mtu mwembamba kuliko wewe, na juu ya sweta ile halikufunga. Nilikwambia ufunge. Ulilivuta huku na huku, vifungo vikakataa kukutana, ukaniambia, "Haifungi, lakini niko sawa," ukaenda nalo likiwa wazi kifuani. Tulipofika katikati, upepo ukaja na mvua yake ya mawe. Tukageuza. Wewe ulibaki nyuma, kama kawaida yako, ukijifanya mlinzi wa msafara. Nilisikia ukicheka. Halafu sikusikia kitu. Nilipotazama nyuma, kayaki ilikuwa tumbo juu na jaketi linaelea peke yake.

Tulikutafuta kwa makasia, tukakutafuta kwa mikono. Kiprono alipiga mbizi nikadhani nimewapoteza wote wawili. Alipokutoa, sweta ilikuwa imekunywa maji hadi ikawa nzito kama gunia la mahindi mabichi, na mikono yake ilikuwa imevutika ikapita vidole vyako. Hukuweza kushika kitu, Wafula. Ulikuwa mwogeleaji kutuzidi sisi wote. Kiprono aliikata kwa kisu kutoka chini hadi shingoni ili akukandamize kifua. Alikukandamiza hadi nikamwambia aache, na hakuacha.

Kwa hiyo Mama alipokuja kukuona, ulikuwa na fulana tu. Alikugusa mkono. Akasema, "Hakuvaa. Nilimwambia, na hakuvaa." Nikafungua mdomo. Kiprono akanifinya bega, na nilipomtazama Mama nikaelewa kwa nini. Mwanamke alikuwa amesimama kwa kushikilia kitu kimoja tu duniani, nacho ni kwamba yeye alisema. Ningemnyang'anyaje? Nikanyamaza. Sweta nikaichukua nyumbani ndani ya gunia, nikaifua, ikakaa karibu wiki nzima bila kukauka, kisha nikaifungia sandukuni.

Lakini hukujua kilichofuata. Tulikuzika kwenu Kimilili, umati ukajaa hadi barabarani, na mchungaji wa kanisa lako akasimama akahubiri juu yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alilirudia hilo hadi watoto wakawa wanalimalizia. Aliwaambia vijana wakutazame vizuri, wajifunze kusikia wazazi. Ulilala pale kama mfano wa ukaidi, wewe uliyesikia, wewe uliyefanya ulivyoambiwa hadi mwisho. Nilitamani kumnyang'anya ile maikrofoni. Nilimtazama Mama, alikuwa anaitikia kwa kichwa, anakubali.

Basi mwaka huu wale vijana wako wa kanisa, wale uliokuwa ukiwafundisha Jumapili, walimwendea Kiprono. Wanataka kuingia majini Julai, kwa ajili yako. Kiprono hakuwa amegusa kasia tangu siku ile, wala mimi. Lakini walimsumbua hadi akakubali, akawaundia kayaki mpya, akanunua majaketi mazuri. Wazazi walikataa. Unajua aliyewashawishi? Mama. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaambia mtoto wake aliuawa na baridi, na kwamba wao hawatakufa, kwa sababu yeye mwenyewe atawafumia masweta. Mazito. Kwa mkono.

Nilikwenda kwake kumwambia. Nakuapia nilikwenda. Nilimkuta kibandani kwake anakofumia, mashine imezimwa, sindano mikononi, anaimba. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akiimba. Aliniinulia sweta moja, akaniuliza kama shingo haibani sana. Nikasema haibani. Nikanywa chai yake, nikaondoka. Kiprono naye akasema tusimvunje moyo bure, amenunua majaketi makubwa, yatafunga tu juu ya hizo sufu. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Jana asubuhi tulikuwa kwenye bwawa. Ukungu hadi ng'ambo haikuonekana. Mama alikuja na kikapu chake, akawavalisha mmoja mmoja, akiwakunjia mikono, akiwavutia sweta chini kiunoni, akiwapigapiga mgongoni. Alikuwa na furaha. Mchungaji akaomba. Halafu wakaanza kuvaa majaketi, na kuna msichana mmoja, Nekesa, mnene kidogo, unamkumbuka, yule aliyekuwa akikuimbia sauti ya pili. Alivuta vifungo, vikakataa. Akavuta tena. Kisha akacheka, akaachilia, akaniambia, "Haifungi, auntie, lakini niko sawa."

Maneno yako yale yale.

Sikuchagua maneno, Wafula. Ningekuwa na siku nzima ningeyachagua, ningemketisha chini, ningemshika mkono. Nilipiga kelele tu mbele ya kila mtu. Nilisema, "Mama, alikuwa ameivaa! Wafula alikuwa amevaa sweta!"

Akageuka. Akaniuliza ninasema nini. Nikamwambia yote, jaketi lililokataa kufunga, mikono ya sweta iliyopita vidole, uzito wake. Nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka, sijui hata nilivyoeleweka. Nikamwambia, "Alikusikia, Mama. Kila siku alikuwa anakusikia." Nilidhani hilo litamfariji. Ni baada ya kulisema ndipo nilipoona usoni kwake lilipompiga.

Alimtazama Kiprono. "Kiprono. Ni ukweli?"

"Ni ukweli, Mama. Mimi ndio niliikata na kisu."

Mchungaji akaanza kusema jambo juu ya mapenzi ya Mungu, na Mama akamwinulia kiganja, akamkatiza. Mimi nilikuwa nangoja anipige, anilaani, aanguke. Alisimama akiwatazama wale watoto, wamejipanga na masweta yake mapya, pua zinachuruzika kwa baridi. Umemjua Mama yako maisha yako yote. Wewe umewahi kumsikia akimwambia mtoto wa mtu, popote pale, avue sweta?

Akasema, "Vueni."

Walidhani hawakusikia vizuri. Nekesa akanitazama mimi. Mama akasema tena, kwa sauti ya chini, "Vueni, watoto wangu. Vueni zote." Wakavua, wanatetemeka. Alizichukua moja moja akazikunja vizuri, kola ndani, mikono nyuma, kama anavyozikunjia wateja wake. Kisha akafunga jaketi la kila mtoto yeye mwenyewe. Alivuta kila kifungo mara mbili. Alipomaliza la mwisho akabeba kikapu chake akaelekea barabarani. Nilimkimbilia. Aliniinulia kiganja kile kile bila kugeuka, akapanda boda boda akaenda.

Wale watoto waliingia majini, Wafula. Nilifikiri Kiprono atawarudisha nyumbani, lakini alisema wakirudi leo hawataingia tena kamwe, na wewe usingependa. Waliingia wakilia kwa baridi, wakapiga kelele, wakagongana, Nekesa akapinduka. Lakini jaketi lilimshika, akaibuka papo hapo kama kizibo, anakohoa na kucheka. Wote walitoka. Niliwahesabu mpaka wakanichoka. Mama hakuwepo kuona.

Leo nimepita kibandani kwake baada ya kanisa, kimefungwa. Nimekwenda nyumbani. Nimebisha hodi sana. Najua yumo, kwa sababu moshi ulikuwa unatoka jikoni. Nilibeba ile sweta yako kwenye mfuko, sijui nilitaka kufanya nini nayo. Nikasema kwa mlango nisamehewe. Nikasema ningeweza kumwambia kwa njia nyingine. Nikasema si kosa lake, na nikajisikia mjinga, maana hilo ni neno ambalo watu huambiana tu.

Akanijibu akiwa ndani. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Shiru, nenda tu nyumbani, usinyeshewe bure. Sina neno na wewe mimi. Niko na neno na hii mikono yangu."

Wewe ungemtania hadi acheke bila kupenda, ungeomba chai. Mimi niliegemea mlango ule hadi mvua ikaanza kweli, kisha nikarudi hapa nikakaa nyuma ya kaunta nikaanza kukuandikia.

Sijui kama nilifanya vyema. Nekesa yuko hai, hilo najua. Na jina lako limesafishwa, hata mchungaji jana aliondoka ameinamisha kichwa. Lakini nimemwachia Mama yako mzigo ambao tulikuwa tumeubeba wawili, mimi na Kiprono, na yeye anaubeba peke yake mle ndani.

Kwa hiyo nakuahidi hili, na sijawahi kukudanganya isipokuwa kwa bei ya sukari. Kesho nikishafungua duka nitakwenda kubisha. Asipofungua nitakwenda kesho kutwa. Nitapeleka maziwa, nitayaacha mlangoni. Nitasema na ule mlango hadi majirani wanione kichaa. Siku atakayofungua nitaishika ile mikono yake, wala sitasema kitu.

Pumzika, rafiki yangu. Mama yako niachie mimi.

Ni mimi wako,
Shiru