Bahasha Isiyokuwa na Kahawa

Leningradi, Jumapili mchana

Dada yangu Koku,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Taata na Mama. Nauliza hali zenu kwa aibu, maana ninyi mlikwisha kuniambia hali zenu na mimi ndiye niliyenyamaza. Mwili wangu ni mzima. Baridi imepungua kidogo, viatu bado vinavuja, mkate mweusi nimeuzoea. Hayo yatoshe, kwa sababu nina kosa la kuungama, na nikiendelea na habari za baridi nitalikimbia.

Barua yako nilikaa nayo siku kumi na tisa bila kuifungua.

Unajua Taata hajawahi kunitumia barua bila kutia punje mbili za kahawa ya kutafuna. Hata mwaka ule tulipogombana, yeye akitaka niwe mwalimu wa dini na mimi nikitaka fizikia, punje zilikuwamo, zimefungwa kwa kipande cha jani kavu la mgomba. Kwa hiyo nikipokea bahasha huipapasa kwanza. Hii yako niliipapasa nikaikuta bapa, na mwandiko ulikuwa wako, si wake. Nikasema moyoni, basi, mwenye kahawa hayupo tena. Nikaisukuma chini ya godoro.

Sasa sikiliza upumbavu wa msomi. Mnakumbuka niliwaandikia kwa majivuno kwamba elektroni, kile kijipande kidogo mno cha umeme, haina mahali maalumu mpaka itazamwe, na kwamba wapo wataalamu wakubwa wanaosema ni akili ya mtu anayetazama ndiyo inayokamilisha jambo. Taata akawasomea majirani wote barua ile. Mimi nikaigeuza kuwa ngao. Nisipoifungua bahasha, nilijiambia, Taata hajafa. Nilijua ni uongo, Koku, lakini nililala juu yake, na nilikula nikashiba.

Aliyenizindua ni mwalimu wangu, mama mmoja mzee asiyependa mzaha. Ijumaa tulitega filamu ya picha ndani ya chombo cha kupimia elektroni, tukafunga chumba, tukaenda zetu. Jumatatu tulipoisafisha tukakuta alama zimejaa tele.

"Nani alikuwa anatazama?" akaniuliza.

Nikabisha kwamba pengine zimetokea tulipoziona. Akasema wapo wanaosema hivyo na ubishi haujaisha, lakini yeye akiunguza sufuria, harufu haingoji afunue kifuniko. Wenzangu wakacheka. Mimi nilitoka darasani nikaenda moja kwa moja kuinua godoro.

Taata alikuwa hai. Nilisoma mstari huo nikaruka kwa furaha, kisha nikasoma iliyobaki nikakaa sakafuni. Kwamba macho yake yamefifia na kifua kimembana. Kwamba wewe umeacha shamba la kijiji cha ujamaa kule Ngenge ukarudi nyumbani Ijuganyondo kumuuguza. Kwamba kahawa aliikataza yeye mwenyewe: "Jamani waitu, safari hii azifuate mkononi mwangu." Na lile swali lake uliloniandikia neno kwa neno: "Mwulize huyo mwanangu wa elektroni. Mimi sasa simwoni. Je, bado yupo?"

Ukasema kila siku ya posta atakutuma Bukoba mjini kuangalia kama nimejibu. Nakuona ukiteremka ule mteremko na kupanda tena mikono mitupu, naye akisikia hatua zako kabla hujafika mlangoni. Kutazama kwangu hakukuwa na nguvu yoyote juu ya uhai wake. Kujibu ndiko kulikokuwa na nguvu, na hiyo ndiyo kazi niliyoikimbia. Nisamehe, dada yangu. Sijui kama inasameheka.

Wiki hii yote nimekuwa nikiomba ruhusa ya kuja. Wamesema ningoje mitihani iishe, maana taifa limenituma kusoma. Nimeomba tena.

Barua hii itasafiri wiki nyingi. Sasa hivi ninapoandika, Taata yupo au hayupo. Si vyote viwili, na kutojua kwangu hakumshikilii hapa duniani hata kwa saa moja. Hilo ndilo nililojifunza, na nimelijifunza kwa kuchelewa.

Msalimie Mama, umwambie sweta aliyonifumia naivaa mpaka darasani. Msalimie shangazi Kemilembe aliyenifundisha kumenya ndizi bila kujikata, na mjomba Ishengoma fundi wa baiskeli, ambaye najua amekuazima baiskeli kwa safari zile za posta. Asante yake sina mdomo wa kuitoa.

Ukiipapasa bahasha hii utakuta punje mbili. Ni zile za barua ya mwisho ya Taata, sikuwahi kuzitafuna. Kama yupo, mtilie moja mkononi, na nyingine itafune wewe kwa niaba yangu. Lakini kabla ya hayo, kabla hata hujamsomea salamu, mpe jibu lake: yupo, Taata, bado yupo, alikuwa anaogopa tu.

Na kama hayupo, nenda pale mlipomlaza kwenye migomba, umwambie hivyo hivyo, kwa sauti.

Mdogo wako aliyechelewa,
Mutayoba