Besi Tuliyoiacha Katelembo

Baba Mwende wangu,

Jumamosi Mwende alirudi kutoka harusini. Kwenye meza alikokalishwa, mama mmoja asiyemfahamu alilisikia jina lako, akamuuliza kama yeye ndiye binti wa yule mtu aliyekula pesa za gitaa la kanisa. Mwanao alimaliza wali wake, akaaga, na alipofika hapa alivua viatu mlangoni akaniuliza, "Mum, ni ukweli?"

Nilimweleza yote tukichambua maharagwe. Halafu nikaona maneno hayo yasiishie jikoni. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, na atakaye kuisoma aisome. Lakini ninayeongea naye ni wewe, na naongea kama zamani, nikiwa nimekaa upande wako wa kulia, kwenye sikio lililokuwa limebaki.

Nilianzia mbali, kwa sababu Mwende alikuwa mdogo na mengi hakuyaona. Nilimwambia kwamba nilipokutana nawe ulikuwa mpiga besi wa bendi iliyozunguka kwenye mabaa kuanzia hapa Machakos hadi kule Ndithini, na kwamba bendi ile ilikufa kama zilivyokufa nyingine nyingi miaka ile ya tisini. Wenye baa waligundua kwamba kaseti haili wala haiombi nauli. Wanamuziki walirudi makwao, vyombo vyao vikaingia chini ya vitanda. Wakati huohuo kila kanisa lililomaliza kuezeka mabati lilianza kutafuta gitaa na spika. Kati ya kitanda na kanisa palihitajika mtu anayejua kitu kizuri na kibovu, na mtu huyo ukawa wewe. Siku za kazi ulikuwa Lukenya kwenye mashine ya kuvunja kokoto. Jumamosi ulikuwa unapigiwa hodi na wazee wa kanisa wakikuomba uwasindikize kwenda kuangalia gitaa fulani mahali fulani.

Mashine ile ya kokoto ndiyo iliyokula masikio yako. Hukusema. Nilijua siku uliponiita chumbani, ukaniketisha kitandani, ukapiga nyuzi zote nne za besi ya mtu uliyokuwa umeletewa, kisha ukauliza, "Inalia vipi?"

Nikasema inalia vizuri.

"Vizuri si jibu," ukasema. "Niambie unasikia nini."

Sikuwa na maneno ya muziki. Mimi ni fundi wa nguo, nilikuwa na cherehani yangu na kibanda pale sokoni. Basi nilikuambia kwa maneno niliyokuwa nayo. Nilisema uzi ule mnene ukiushika karibu na kichwa unanung'unika kama nzi aliyefungiwa chupani. Ulinitazama kama mtu aliyeokota kitu. Tangu siku ile tulikuwa na lugha yetu. Nzi ni chuma cha shingoni kilichochakaa. Mafuta ya kukaanga ni vumbi au waya uliolegea pale pa kuongezea sauti. Kitambaa kinachochanwa ni spika iliyopasuka, na hiyo uliniambia niikatae hata kama ni ya bure.

Kazi nyingine zote ulizifanya mwenyewe. Ulilishika gitaa ukatazama shingo yake kwa jicho moja, kama mtu anayelenga, uone kama imepinda. Ulifungua bamba la nyuma kwa bisibisi ukachungulia kama lehemu ni ya kiwandani au ni ya fundi wa redio. Ulinusa mgongo wa amplifaya kutafuta harufu ya kuungua. Mwisho uliweka taya lako juu ya mbao za gitaa, ukafumba macho na kupiga, na kiganja kimoja ukaja kukibandika kwenye kitambaa cha spika. Watu walidhani ni madoido ya wasanii. Mimi peke yangu nilijua kwamba baada ya hapo utageuza kichwa kwangu kidogo, na mimi nitasema neno moja kwa sauti ya chini, na neno hilo ndilo litakaloamua.

Sasa Katelembo.

Kanisa letu lilikuwa limechanga pesa za besi karibu mwaka mzima. Mweka hazina alikuwa Mzee Nzioka, na tulienda huko Katelembo kwa pikapu yake, mimi nikiwa katikati yenu. Pasaka ilikuwa inakaribia na ilikuwa imetangazwa madhabahuni kwamba Pasaka hiyo tutaimba na besi. Wewe ndiye ungekuwa mpigaji. Besi yako mwenyewe uliiuza Mwende alipolazwa, na tangu hapo kila ulichokipiga kilikuwa cha kupima, cha watu wengine, kisha ukakirudisha. Njia nzima ulikuwa unapiga vidole kwenye goti.

Mwenye gitaa alikuwa Mama Kyalo, mjane aliyetuzidi umri, mpole, mwenye sauti ndogo sana. Kwanza alitupakulia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Amplifaya ya marehemu mumewe ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio na picha ya marehemu akiwa amevaa suti nyeupe. Gitaa lilitolewa chini ya kitanda likiwa limeviringishwa shuka. Umeme haukuwa umefika nyumbani kwake, ulikuwa umeishia sokoni kwenye kinu cha kusaga unga. Basi tukabeba vyote hadi huko, wewe na Mzee Nzioka mkiwa mmeshika amplifaya huku na huku mkihema.

Mwenye kinu alikubali kuzima mashine. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na madebe yao ya mahindi hawakufurahi.

"Na sisi tutapika saa ngapi?" mmoja akauliza.

"Kidogo tu, mama," ukamjibu. "Tunasikiliza halafu tunawaachia."

Ulipopiga ule uzi mnene, vumbi la unga lilishuka kutoka kwenye mabati likatua juu ya vichwa vyetu. Yule mwanamke aliyelalamika akaanza kucheka. Ulipiga kidogo, ukaweka taya, ukapiga tena kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha ukageuza kichwa.

"Inalia vipi?"

"Amplifaya iko na mafuta kidogo," nikasema. "Hiyo gitaa sina neno yake."

Ulifungua bamba la nyuma. Ukaangalia ndani, ukafungua na pale shingo inapoungana na mwili, ukasoma kilichogongwa pale. Ukarudisha skrubu zote moja moja. Mama Kyalo alikuwa ametaja bei yake tangu nyumbani, bei aliyoisikia kwa dalali mmoja aliyepita, na pesa za kanisa ziliitosha na kubaki.

"Tulipe twende," Mzee Nzioka akasema. "Mawingu yanakuja."

Ukamwita Mama Kyalo kwa Kikamba, kama mama yako, "Mwaitu, hii gitaa usiuze leo."

"Iko na shida?"

"Haina shida. Ni ya kiwanda cha Amerika, ya zamani, na haijawahi kuguswa ndani. Pesa yenye tumebeba, hata tukiongeza mara tatu, bado tutakuwa tumekuibia. Nitakutafutia mtu Nairobi mwenye anajua hizi vitu. Ngoja."

Mama Kyalo alitazama gitaa, akamtazama Mzee Nzioka, akatazama chini. Aliliviringisha tena kwenye shuka.

Ndani ya pikapu Mzee Nzioka alinyamaza hadi tulipotoka kwenye vumbi tukaingia lami. Na nilimwambia Mwende asimchukie, kwa sababu alichosema kilikuwa na haki yake.

"Mimi nimetumwa na watu," alisema. "Kuna wenye walileta kuku, kuna wenye walileta mayai, tukauza. Mama amesema bei yake mwenyewe, hakuna mtu alimlazimisha. Sasa nikifika niwaambie nini?"

"Waambie ni mimi nilikataa."

"Nitawaambia ni wewe."

Akawaambia. Sidhani kama alikusudia ubaya. Lakini maneno yakitoka kwa mtu mmoja hayabaki vile yalivyo. Mara ya kwanza ilikuwa kwamba ulikataa. Baadaye ikawa kwamba ulikuwa na mnunuzi wako Nairobi. Mwishowe ikawa kwamba wewe na mjane mlishapatana jinsi ya kugawana. Kanisa lilimtuma mtu mwingine, akanunua besi na amplifaya, na vilikuwa vyema tu, vililia miaka mingi. Mwalimu mmoja kijana akawa mpigaji. Hakuna aliyekuambia usirudi kwenye kwaya. Ila hakuna aliyekuita.

Jioni ile ya Katelembo nilikuuliza kwa nini hukunyamaza. Nilitaka kujua, sikuwa nakulaumu. Ulikuwa unanawa unga kichwani. Ulisema, "Ningekuwa naipiga kila Jumapili nikijua."

Miezi iliyofuata tulikaa pamoja kwenye benchi la kanisa, kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa, kwa sababu zamani wewe ulikuwa mbele na mimi nyuma na mtoto. Uliweka kiganja chako kwenye mgongo wa benchi la mbele na kukiacha hapo wimbo mzima. "Kijana anapiga vizuri," uliniambia mara moja. Ulimaanisha. Mimi ndiye niliyetazama sakafu.

Halafu kiangazi kikali kikaja, na Mama Kyalo akaja pamoja nacho. Alinikuta kibandani nikishona sare za shule, nikamleta nyumbani kwa sababu siku hiyo hukuwa kazini. Nilijua kwa jinsi alivyotembea kwamba hakuleta habari njema. Alikaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, akashika kikombe cha chai bila kunywa, akasema gitaa limekwenda. Shemeji yake alikuja akasema mali ya ndugu yake ni mali ya ukoo. Alilichukua na kuliuza huko Nairobi, tena kwa bei iliyokuwa chini ya ile ambayo kanisa lingempa.

Yule mtu wako wa Nairobi alikuwa ameahidi kuja mwisho wa mwezi uleule.

Nilikuona ulivyoinamisha kichwa. Nilijua ulikuwa unafikiri nini, kwa sababu mimi pia nilifikiri hivyo: kwamba ungenyamaza tu pale kinuni, mama huyu angepata kitu, kanisa lingepata kitu, na wewe ungepata chako. Sasa kila mtu alikuwa mikono mitupu.

Ukasema, "Mwaitu, nisamehe. Ni mimi nilikwambia ungoje."

Mama Kyalo akaweka kikombe chini. Alianza kuongea, na sauti yake ile ndogo ikawa ndogo zaidi, na kiganja kikawa mdomoni. Alisema hakuja kudai. Alikuja kwa sababu kuna kitu alitaka tukijue. Mumewe alipolinunua lile gitaa aliuza madume wawili wa ng'ombe wa kulimia. Alirudi nyumbani akiimba, akamwambia mkewe kwamba amepata kitu ambacho mtu hakipati mara mbili. Yeye akamwambia watu wa mjini wamemfanya mjinga. Kuanzia msimu ule walilima kwa jembe la mkono, na kila alipoumwa mgongo alimwambia mumewe, "Enda uambie gitaa yako ilime." Alimwambia hivyo miaka yote ya ndoa yao. Alimwambia hata mumewe alipokuwa mgonjwa wa kitanda. Mume alikuwa akimjibu kwamba ni kitu kizuri, siku moja atajua, na yeye alikuwa akiamini kwamba anadanganywa.

"Sasa najua hakuwa ananidanganya," akasema. "Watoto pia nimewaambia. Hata kama imeenda, nimewaambia."

Mama Kyalo alikuwa upande wako wa kushoto, wa sikio lililokufa. Uliniona nikijifuta macho ukashtuka.

"Anasema nini?"

Nikaja nikainama upande wako wa kulia. Yote aliyosema yalikuwa mengi, nikashindwa kuyabeba. Nilikuambia, "Anasema marehemu hakuwa mwongo."

Ulinitazama midomo. Kisha ukasema, "Rudia."

Nikarudia. Ukainuka, ukaenda ukampa Mama Kyalo mkono, na mkakaa mmeshikana mikono kama watu waliokutana matangani.

Hayo ndiyo niliyomwambia Mwende. Nilimwambia pia kwamba huyo ndiye yule shosho, yule bibi anayetuletea mbaazi kila msimu, na kwamba siku ya mazishi yako alifika mapema kuliko watu wa kanisa, akaungana na wanawake waliokuwa wakichota maji. Nilimwambia hukutaka kamwe nilisemee jambo hili. Ulisema mwenye kutaka kujua atauliza. Basi binti yako ameuliza.

Maharagwe yalikuwa yamekwisha. Halafu akaniuliza, "Na yeye alikuwa anasikia nini?"

Sikumwelewa.

"Akiweka ile taya kwa gitaa. Wewe ulikuwa unamwambia unasikia nini. Yeye alikuwa anasikia nini?"

Baba Mwende, sikuwahi kukuuliza. Miaka ile yote wewe uliuliza na mimi nikajibu, na tuliona imetosha. Hata sikio la kulia lilipozimika nalo, tukawa tunaandikiana kwenye vipande vya karatasi za kukatia nguo, niliandika habari za majirani na bei ya sukari. Nilikuona macho umeyafumba, mdomo wazi kidogo, uso wako ukiwa mahali ambapo mimi sijafika. Nilidhani unapima.

Leo asubuhi, Mwende alipotoka, niliwasha cherehani ile ya umeme aliyoninunulia. Niliweka taya langu juu ya meza yake nikafumba macho. Ilikuja kupitia mfupa, ikapanda hadi kwenye meno, ikashuka kifuani. Haikuwa sauti. Nilibaki hapo muda mrefu, uzi ukaisha kwenye bobini bila mimi kujua. Sina neno lake, mume wangu, lakini nimefurahi kwamba hukuwa kwenye kimya.

Pumzika, nami nitamalizia sare za watoto.

Wako wa upande wa kulia,
Mama Mwende