Nimemwosha Bikira Maria

Raïssa, leo nimeaibika mpaka basi.

Si unalijua lile kanisa la mbao hapa Garland tunaposalia misa yetu, walilojenga wazungu waliotoka milima ya Alpi? Kesho sikukuu, nikachukua funguo walizotuazima, nikaenda na ndoo na sabuni kuosha kanisa kama tunavyofanya kwetu.

Yule Bikira Maria mweusi, ile sanamu yao, nilitaka kumfuta vumbi tu. Pua ikatoka nyeupe!! Nikaona nimemharibu, nikasugua uso wote ufanane.

Akaingia mama wa kamati ya majengo ya kale. Alipiga kelele hiyo! Eti ule ulikuwa moshi wa mishumaa wa miaka mia moja na thelathini, unalindwa na sheria.

MOSHI, Raïssa. Moshi unalindwa na sheria.

Nikamwambia, mama, mimi na-clean hotelini, huko nikiacha doa naandikiwa barua. Akanyoosha mkono: "Nipe funguo." Misa yetu ndiyo basi.

Na kinachoniliza si funguo. Kanisa zima lilikuwa na mmoja tu aliyefanana na sisi. Nimemfuta kwa mkono wangu.